Rasi Nyembamba: Je, Jiografia Ndiyo Iliyoifanya Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado Kuwa Pembezoni?

Katika somo la historia ya dunia ya kale tunafundishwa mapema kwamba milima na bahari ndivyo vilivyowafanya Wagiriki wawe vile walivyokuwa, na kwamba Warumi walitawala kwa sababu rasi ya Italia imekaa katikati ya Mediterania. Hoja hii inapendwa kwa kuwa ni fupi na hushikika kichwani siku ya mtihani. Lakini ili kujua kama hoja ina nguvu, ni vema kuitoa mahali ilipozaliwa na kuipeleka pengine, tuone kama bado inasimama.

Katika insha hii nitaipeleka kwenye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia mdomo wa Mto Ruvuma hadi Ghuba ya Pemba. Nimeichagua pwani hii kwa sababu mbili. Kwanza, maumbile yake yanafanana na ya Ugiriki kwa mambo kadhaa: visiwa vingi vidogo, ardhi finyu ya kilimo karibu na bandari, na bahari inayosafirika kwa misimu. Pili, ni pwani ambayo jiografia hutumiwa mara kwa mara kueleza hali yake. Ukiuliza kwa nini iko nyuma kwa barabara, shule na hospitali, mara nyingi utajibiwa kwamba iko mbali: mbali na Maputo, mbali na Dar es Salaam, mwisho wa nchi moja na mwanzo wa nyingine. Kwa Kireno mkoa huu ulibandikwa jina la utani la Cabo Esquecido, yaani rasi iliyosahauliwa.

Msimamo wangu ni kwamba jiografia iliipa pwani hii milango, lakini haikuamua nani atashika funguo. Mahali palepale palipokuwa kiungo cha biashara katika karne ya 14 pamekuwa pembezoni katika karne ya 20, ilhali upepo, visiwa na mto havikuhama. Ikiwa maumbile yamebaki yaleyale na hali imegeuka, basi sababu ya mageuzi hayo itafutwe kwa watu na maamuzi yao.

Tuanze na Wagiriki wenyewe. Ni kweli kwamba nchi yao ina milima mingi inayotenganisha mabonde madogo, na kwamba watu wa kila bonde au kisiwa walielekea kujitawala wenyewe. Wanahistoria huhesabu zaidi ya miji 1,000 ya Kigiriki iliyojitawala katika zama za kale, mingi ikiwa midogo kama kata zetu za leo. Ni kweli pia kwamba uhaba wa ardhi nzuri ulichangia kuwasukuma watu baharini. Kuanzia karne ya 8 KK walianzisha makazi kama Sirakusa katika kisiwa cha Sisili, na baadaye Massalia, ambayo leo ni Marseille nchini Ufaransa. Athens ilifika mahali pa kutegemea nafaka kutoka Bahari Nyeusi. Ilipopoteza merikebu zake huko Aegospotami mwaka 405 KK, njaa iliingia mjini, na mwaka uliofuata ikasalimu amri mbele ya Sparta.

Hata hivyo, Athens na Sparta zilikuwa chini ya jua moja, zikipata mvua za namna moja na kuzungukwa na milima ya namna moja. Sparta nayo ilikuwa na bandari yake, Gythion. Lakini Athens ilijenga merikebu na kuwapa kura wananchi waliozipiga makasia, na Sparta ikajenga jeshi la nchi kavu lililolishwa na jasho la Waheloti, watu waliotiwa utumwani katika ardhi yao wenyewe. Milima peke yake haiwezi kueleza tofauti hiyo.

Kwa Warumi jambo hili liko wazi zaidi. Roma iko kando ya Mto Tiber, kama kilomita 25 kutoka baharini. Kwa karne nyingi wakazi wake waliishi katikati ya Mediterania bila kuwa na jeshi la majini la kutisha. Walijenga merikebu nyingi za kivita pale tu walipoingia vitani na Carthage, vita vilivyoanza mwaka 264 KK. Mahali walipokaa palikuwa palepale tangu zamani. Kilichopafanya pawe kitovu ni barabara walizojenga, mikataba waliyoingia na majirani, na vita walivyoshinda. Kwa maneno mengine, kuwa katikati ni jambo linalotengenezwa. Na kama katikati hutengenezwa, nataka kuuliza kama pembezoni nako hutengenezwa.

Sasa tuvuke kuja kwetu. Neno *delgado* kwa Kireno lina maana ya kitu chembamba, na jina hilo linatokana na rasi iliyochomoza baharini kusini kidogo mwa mdomo wa Ruvuma. Kusini ya rasi hiyo kuna Ghuba ya Tungi na mji wa Palma. Ukiendelea kusini unafika Mocímboa da Praia, na sambamba na pwani umepangika msururu wa visiwa vya Kirimba: Vamizi upande wa kaskazini, kisha vingine vingi hadi Matemo, Ibo na Kirimba chenyewe. Kutoka rasi hadi mji wa Pemba ni kama kilomita 250 kwa mstari ulionyooka. Visiwa vingi ni vya matumbawe, viko karibu na bara, na havina mito, hivyo watu hunywa maji ya visima na hutegemea bara kwa sehemu kubwa ya chakula. Kati ya visiwa na bara kuna mikoko na mafungu ya mchanga. Wakati wa bamvua maji hupanda na kupwa kwa mita tatu hadi nne, kiasi kwamba maji yakipwa mtu huweza kutembea kwa miguu kutoka Ibo hadi Kirimba.

Wenyeji wa pwani hii ni Wamwani, na karibu na Palma wapo Wamakwe. Msomaji wa Kiswahili akisikia neno Mwani anaweza kufikiri ni ule mwani unaovunwa baharini. Kumbe katika Kimwani neno hilo linahusu pwani, kwa hiyo Wamwani ni watu wa pwani, kama vile Mswahili anavyoitwa kwa neno la Kiarabu lenye maana hiyohiyo. Ndani zaidi, juu ya uwanda wa Mueda, wako Wamakonde, na kusini na magharibi wako Wamakua. Hii ndiyo sura ya nchi. Tuone jinsi ilivyofanya kazi.

Jambo la kwanza ni upepo. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walisafiri kwa kaskazi, ivumayo takribani kuanzia Novemba hadi Machi, na kurudi kwa kusi, ianzayo karibu na Aprili. Jahazi lililotoka Arabuni kwa kaskazi liliweza kufika Kilwa, kufanya biashara na kurudi kwa kusi ya mwaka uleule. Lakini kadiri linavyokwenda kusini ya Rasi ya Delgado, ndivyo kaskazi inavyopungua nguvu na kutotabirika. Mfanyabiashara aliyetaka dhahabu ya Sofala, kusini kabisa, alijiweka katika hatari ya kukosa msimu wa kurudi na kulazimika kungoja mwaka mwingine. Bahari yenyewe nayo inagawanyika hapa. Mkondo mkubwa utokao mashariki, ukipita kaskazini ya Madagaska, hufika bara karibu na rasi hii na kuachana njia mbili: tawi moja huelekea kaskazini kwenye pwani za Tanzania na Kenya, na jingine huelekea kusini kwenye Mlango Bahari wa Msumbiji.

Kwa mtu anayetazama kutoka Arabuni, basi, Rasi ya Delgado ni mwisho wa njia iliyo rahisi. Inaelekea hata mabaharia wa dola ya Kirumi walikuwa na fikra ya namna hiyo. Kitabu cha safari kilichoandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri katika karne ya 1 BK kinaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho katika pwani ya Azania. Karne iliyofuata, mwanajiografia Ptolemy wa Alexandria alitaja rasi iliyo mbele zaidi ya Rhapta, akaiita Prason, na habari zake zilitokana na safari ya baharia aliyeitwa Dioscorus. Baadhi ya wanazuoni wameitambua Prason kuwa ndiyo Rasi ya Delgado, na wengine wanalipinga hilo. Kwa vyovyote vile, ramani iliyochorwa Alexandria iliishia mahali ambapo wasafiri wa Alexandria waliishia.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kuwa makini. Mwisho wa ramani ya mtu mmoja ni katikati ya safari ya mtu mwingine. Kilwa ilitajirika katika karne ya 13 na ya 14 kwa sababu iliweza kuunganisha njia mbili: ile ya jahazi za Arabuni na Uhindi zilizofika kwa msimu mmoja, na ile ya vyombo vya wenyeji vilivyokwenda Sofala na kurudi. Kutoka Kilwa hadi Rasi ya Delgado ni karibu kilomita 200 tu. Vyombo vilivyokwenda kusini vilipita Tungi na visiwa vya Kirimba, mahali penye hifadhi dhidi ya mawimbi, maji ya visima, chakula kutoka bara, boriti za mikoko, na manahodha waliojua kila fungu na kila mlango wa mwamba. Kwa Mmwani wa wakati ule, mwisho wa kaskazi ulikuwa mwanzo wa kazi yake. Udhaifu wa upepo uliowazuia wageni ndio uliomfanya mwenyeji ahitajike.

Ujuzi huo wa wenyeji ulidhihirika Wareno walipofika. Mwanzoni mwa Aprili 1498, Vasco da Gama alipita kwenye visiwa hivi akitoka Kisiwa cha Msumbiji. Nahodha mwenyeji waliyemchukua aliwaonyesha visiwa na kusema ni bara. Walipogundua si kweli, walimchapa viboko, na kisiwa hicho wakakiita Kisiwa cha Aliyechapwa. Tukio hilo ni dogo, lakini linaonyesha kwamba jiografia ilikuwa silaha mikononi mwa aliyeijua. Linaonyesha pia jinsi jina la mahali linavyoweza kubadilishwa siku moja na mtu anayepita.

Jambo la pili ni visiwa. Kama ilivyokuwa Ugiriki, maumbile ya Kirimba yalisaidia uhuru wa vijiji vidogo kuliko kuundwa kwa dola moja. Kila kisiwa kilikuwa na msikiti wake, wakuu wake na njia yake ya kuvuka kwenda mashambani bara. Kwa kukosa ardhi pana walitegemea bahari, biashara na kazi za mikono. Walifuma nguo za pamba na za hariri, wakazitia rangi ya nili, na nguo hizo zilisifika kiasi kwamba Wareno walivipa visiwa hivi jina la nguo zenyewe, Maluane. João dos Santos, mmishonari wa Kidominika aliyeishi visiwani miaka ya 1590 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1609, ni miongoni mwa waliotuachia habari za maisha hayo. Kwa hiyo wale wanaosema pwani hii haikuwahi kuzalisha kitu isipokuwa kupokea bidhaa za wengine wanapaswa kuzikumbuka nguo za nili.

Uhuru wa kila kisiwa ulikuwa na gharama yake, na hapa mfano wa Wagiriki unatusaidia. Baada ya Wareno kuivamia Kilwa mwaka 1505, wafanyabiashara waliokwepa ukiritimba wao waliendelea na shughuli zao katika visiwa vya Kirimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1520, watawala wa Unguja na Pemba walidai kwamba watu wa Kirimba wameacha kuwatii, wakawaomba Wareno wawasaidie. Wareno walikishambulia kisiwa cha Kirimba, wakapora na kuchoma. Miji ya Kigiriki nayo ilifanya hivyohivyo katika karne ya 2 KK: ilipogombana yenyewe kwa yenyewe iliwaita Warumi waje kuamua. Warumi waliamua, na mwaka 146 KK wakaubomoa mji wa Korintho. Visiwa na mabonde huweza kuwafanya watu waishi mbalimbali, lakini uamuzi wa kumwita mwenye nguvu kutoka nje dhidi ya jirani ni wa watu wenyewe.

Mfano wa tatu ninaoutaka ni wa kisiwa cha Ibo, na mwenzake wa zamani ni Delos. Delos ni kisiwa kidogo kikavu katikati ya visiwa vya Kigiriki, kisicho na ardhi ya maana wala mito. Kwa muda mrefu kilijulikana kwa hekalu la Apolo. Kisha, karibu mwaka 166 KK, Warumi walikifanya bandari isiyotozwa ushuru ili kuiumiza Rodos, na kwa muda mfupi kikawa soko kubwa la watumwa. Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba kiliweza kupokea na kuondosha makumi ya maelfu ya watumwa kwa siku moja. Huenda alitia chumvi, lakini sifa ya soko lile haina shaka. Mwaka 88 KK Delos iliposhambuliwa na majeshi ya mfalme Mithridates, iliporwa, na haikurudi tena katika hali yake. Kisiwa hakikuwa kimebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahitaji ya wenye nguvu.

Ibo nayo ni hivyo. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 Wareno walikifanya makao yao makuu katika visiwa hivi, na mwaka 1791 wakakamilisha ngome yenye umbo la nyota ambayo bado imesimama. Wakati huohuo Wafaransa wa Morisi na Réunion walihitaji watumwa kwa mashamba yao ya miwa na kahawa. Mlango wa Ibo ulifaa kwa biashara hiyo: uko karibu na bara, umefichwa na visiwa vingine, na hauko mbali na visiwa vya Wafaransa kwa mwenye merikebu. Watu wa bara, Wamakua na Wamakonde wakiwa wengi kati yao, walikamatwa, wakashushwa pwani na kupakiwa. Ureno ilipiga marufuku usafirishaji wa watumwa mwaka 1836, lakini milango ileile ya mikoko iliyowahi kuwaficha wenyeji ikatumika kuficha biashara ya magendo kwa miaka mingi baadaye. Bahari iliyofungua njia kwa wafumaji wa nili iliwafungulia njia hiyohiyo wauza watu. Vilevile iliwafungulia njia wavamizi kutoka Madagaska, ambao katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19 walivuka kwa mitumbwi mikubwa na kuvichoma vijiji vya visiwani.

Nikitazama historia ya Ibo, naona tunakosea tunaposema kwamba jiografia yake iliifanya iwe kituo cha utumwa. Mikoko ilikuwepo, mlango ulikuwepo, lakini mnunuzi alitoka Morisi na mtawala alitoka Lisbon. Na wenyeji walioshiriki, wakiwemo wakubwa wa pwani waliotajirika kwa biashara hiyo, nao walifanya uamuzi. Kuupa mwamba lawama ni kuwasamehe watu hao wote bila kuwahoji.

Jambo la nne ni mto. Warumi waliifanya Rhine na Danube kuwa mipaka ya dola yao barani Ulaya, na tangu hapo tumezoea kuona mto kama mpaka wa asili. Ruvuma nayo inaonekana hivyo kwenye ramani: mstari mpana wa buluu kati ya Tanzania na Msumbiji. Lakini waliokaa kando yake hawakuiona hivyo. Wamakonde wako pande zote mbili. Lugha za pwani zinafuatana hatua kwa hatua kutoka Kilwa hadi Ibo bila kukatika ghafla mtoni. Mto wenyewe una mafungu mengi ya mchanga, na wakati wa kiangazi huvukwa kwa mtumbwi, pengine hata kwa miguu.

Mpaka huo ulikuja kwa karatasi. Kusini ya mto, kwenye Ghuba ya Tungi, kulikuwa na usultani mdogo wa Waislamu wa pwani ambao katika karne ya 19 ulivutwa huku na Sultani wa Zanzibar na huku na Wareno. Katika mapatano ya Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilitambua kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar barani inaanzia Mto Minengani, unaoingia katika Ghuba ya Tungi, hadi Kipini kaskazini. Desemba mwaka huohuo, Ujerumani ikakubaliana na Ureno kwamba mpaka wao ni Ruvuma. Mapatano hayo mawili yalikuwa na umbali wa majuma machache tu, na hayakulingana. Mwezi Februari 1887 Wareno walikata shauri kwa mizinga: waliyapiga makazi ya ghuba hiyo na kuitwaa Tungi.

Hata hapo mto haukutosha kuwa mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani waliteka Kionga, eneo dogo la pembetatu kusini ya mdomo wa Ruvuma, wakachora mstari kwa kufuata latitudo. Wareno waliirudisha mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita wakathibitishiwa umiliki wake. Katika muda wa miaka 30 hivi, watu wa sehemu moja ndogo ya pwani waliwekwa chini ya Zanzibar, Ureno, Ujerumani na Ureno tena, na katika muda wote huo Ruvuma ilikuwa ikitiririka mahali pake. Ikiwa mto ni mpaka wa asili, mbona uliwachukua mabwana hawa muda mrefu hivyo kukubaliana uko wapi?

Mpaka ukishachorwa, hata hivyo, hufanya kazi. Kilwa, iliyokuwa jirani wa karibu, ikawa nchi ya kigeni. Upande wa kusini, Ureno iliikabidhi nchi kwa Kampuni ya Nyasa, iliyopewa hati mwaka 1891 na kutawala hadi 1929, ikitoza kodi ya kibanda na kuwatumikisha watu kwa nguvu. Wengi walivuka Ruvuma kukimbia, na baadaye Wamakonde wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Mto uliokusudiwa kuwafungia watu ukawa mlango wao wa kutokea. Hawa waliovuka ndio waliokuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kujipanga kisiasa ugenini. FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanzia Chai, katika mkoa huuhuu wa Cabo Delgado. Katika miaka hiyo kumi ya vita, mahali palipoitwa pembezoni palikuwa kitovu cha historia ya Msumbiji nzima, tena kwa sababu ileile ya kuwa mpakani.

Bandari nayo ilibadilishiwa thamani. Merikebu za moshi zilizidi ukubwa, na Ibo, ambayo njia yake hukauka maji yakipwa, haikuweza kuzipokea. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao makuu ya kampuni yalihamishiwa Porto Amélia, ambayo leo ni mji wa Pemba, penye ghuba kubwa yenye kina. Nyumba za mawe za Ibo zikaanza kubaki tupu. Hapa nakubali kwamba jiografia ina sauti: maji mafupi hayabishani na merikebu. Lakini ikumbukwe kwamba maji mafupi hayo ndiyo yaliyokuwa faida ya Ibo zama za majahazi. Umbile moja lilikuwa neema chini ya teknolojia moja na kikwazo chini ya nyingine.

Pengine msomaji atauliza kwa nini nahangaika na mambo haya ya kale. Nahangaika kwa sababu hoja ya jiografia inatumika sasa hivi. Mwaka 2010 iligunduliwa gesi asilia nyingi chini ya bahari, mbele ya Palma. Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia Mocímboa da Praia, na kutoka hapo vita vikaenea. Mji huo ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Machi 2021 Palma yenyewe ilishambuliwa. Mamia ya maelfu ya watu wameyakimbia makazi yao, wengi kwa mashua za mbao kupitia visiwa vilevile nilivyovitaja, hadi Pemba. Katikati ya msiba huo, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipiga pwani hii na kuharibu sehemu kubwa ya nyumba za Ibo.

Kimbunga kweli ni jambo la maumbile, ingawa uimara wa paa si wa maumbile. Kuhusu vita, husemwa kwamba msitu ni mnene, visiwa ni vingi, mpaka uko wazi, na Maputo iko mbali. Yote ni kweli, lakini yalikuwa kweli pia mwaka 1990 na mwaka 2000. Anayeishia hapo anatuambia vita vinapiganwa wapi, na bado hajatuambia vimetokana na nini. Maswali ya ardhi, ajira, nani anafaidika na gesi, nani alisoma na nani hakusoma, na ni nani aliyewahubiria vijana na kuwapa silaha, hayajibiwi kwa kutazama ramani.

Nimalizie kwa kurudi kwenye somo letu la Wagiriki na Warumi. Sisemi tuache kufundisha milima, upepo na bahari. Bila kaskazi na kusi hatuielewi Kilwa, na bila maji mafupi hatuuelewi mwisho wa Ibo. Ninachosema ni kwamba kila tunapotaja umbile la nchi kama sababu, tutaje pia nani alilitumia, kwa chombo gani, na kwa faida ya nani. Delos ilipewa soko na Roma. Kirimba ilichomwa kwa ombi la majirani zake. Tungi ilikatwa kutoka Kilwa kwa mapatano yaliyotiwa saini Ulaya. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kimeandikwa kwenye mwamba. Kwa hiyo mwanafunzi mwenzangu akiandika kwamba Cabo Delgado ni pembezoni, nitamwomba aongeze mambo mawili katika sentensi yake: tangu mwaka gani, na kwa uamuzi wa nani.